Sufuria Iliyorudi Kutoka Melini

Kabla ya kupanda meli yoyote, Kalume huvua glavu ya mkono wa kulia, na akiwa kwenye ngazi huugusa ubavu wa meli kwa kiganja. Hufanya haraka, kama mtu aliyeteleza akatafuta pa kushika, ili wenzake wa shifti wasimwone. Walishamwona zamani. Mvietnamu mmoja aliyefanya naye kazi miaka tisa humwuliza, "Mgonjwa anaendeleaje leo?" Kalume humjibu, "Homa kidogo tu."

Tabia hiyo aliichukua kwa baba yake, bandarini Kalemie, mahali ambapo reli inatoka ndani ya Kongo na kuishia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Treni ilileta mahindi, saruji na shaba, na makuli wakavihamishia kwenye meli za kwenda Kigoma, ng'ambo ya pili. Baba yake, Balthazar, alikuwa kuli tangu ujana. Kila meli aliigusa kwanza. Hakuwahi kueleza kwa nini, na Kalume hakuwahi kuuliza. Siku hizi husema kwamba maswali yote aliyotaka kumwuliza baba yake yalimjia akiwa tayari yuko Sydney.

Balthazar alitembea na chaki mfukoni ingawa hakuwa mwalimu. Kabla mzigo wa mwisho haujaingia melini, alichora alama kwenye gunia la juu, la kwanza kuonekana ng'ambo. Mistari miwili ilimaanisha mzigo wa chini umelegea, angalieni vichwa vyenu. Duara lilimaanisha mabaharia wa meli hii wanateswa. Makuli wa Kigoma wakiona duara walipakua polepole siku nzima, kila mmoja akilalamikia mgongo wake, mpaka mwenye meli aje mwenyewe gatini kuuliza kuna nini. Nao Kigoma walikuwa na chaki yao na alama zao, zikaja Kalemie kwa njia ileile. Chama cha wafanyakazi kilikuwepo, kilikuwa na ofisi na picha ya rais ukutani, lakini kile kilikuwa chama cha wenye tai. Chama cha makuli kilikaa mfukoni mwa Balthazar na kilichakaa kwa kuandikiwa.

Vita vilipoingia Kalemie mwaka 1998, Balthazar alivuka ziwa na familia yake. Kigoma, kwenye geti la bandari, askari walitaka karatasi, na karatasi hawakuwa nazo. Mzee akaokota kipande cha mkaa, akachora duara ukutani, mbele ya askari wenyewe. Kalume alidhani baba yake amerukwa na akili. Wakakaa juani karibu saa nzima. Kisha akaja kuli mmoja aliyejifunga gunia begani, akalitazama duara, akamtazama mzee.

"Ni weye wa duara lililopinda?"

"Ni miye."

"Miaka kumi na moja nalishangaa. Nilisema huyu mtu ama ni mlevi ama ana mkono mbovu."

"Mkono," Balthazar akasema, akaunyosha. Vidole viwili vilishakatwa na kamba ya winchi.

Walikaa wiki tatu nyumbani kwa mtu yule kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi. Balthazar alifia kambini mwaka 2004. Kalume alikuja Australia miaka minne baadaye, na baada ya kufanya kila kazi ambayo mgeni hupewa, akaingia bandari ya Botany, huko Sydney. Kazi yake ni kufungua na kufunga vyuma vinavyoshikilia makontena juu ya meli. Hapa hakuna magunia ya kuandika kwa chaki. Kontena linapanda, kontena linashuka, na aliye ng'ambo ya pili humjui, wala hajui kama kulikuwa na mtu.

Agosti ya mwaka 2021 Kalume alikuwa akiishi Liverpool, mtaa wa magharibi mwa Sydney, ghorofa ya pili ya jengo la matofali, pamoja na mkewe Ange, aliyefungasha dawa kwenye ghala moja huko Seven Hills, na binti yao Déborah, aliyesoma shule kwenye kompyuta mezani jikoni. Korona ilikuwa imerudi na sura nyingine. Mashariki mwa mji, karibu na bahari, watu walitembea ufukweni na mbwa wao. Watu wa magharibi walipewa kilomita tano za kutembea, na juu yao helikopta ilizunguka. Kalume alitoka mtaani kwa kibali cha kazi kilichohifadhiwa ndani ya simu, na kila siku ya tatu alipanga foleni akiwa ndani ya gari ili aingizwe kijiti cha kupimia puani. Kuingia nyumba ya mtu mwingine kulikatazwa, hata kama mtu huyo anakaa chini ya sakafu yako na unamsikia akikohoa.

Aliyekaa chini ya sakafu yao alikuwa Mama Ninahazwe, Mrundi wa miaka sitini na tisa, aliyekaa kambi za Tanzania mpaka Kiswahili cha Kigoma kikawa chake. Binti yake, Ikirezi, alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na kwa hofu ya kumletea mama yake ugonjwa alikuwa ameweka sheria kali kuliko za serikali. Kila kitu kilichotoka nje kilikaa kwenye kibaraza siku tatu kabla ya kuguswa. Viazi, sabuni, barua za benki, vyote vilikaa pale nje kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Jumatatu moja ya mwezi huo iliingia Botany meli ya bluu iliyochujuka, jina lake Meridola. Upepo ulikuwa mkali, winchi zilisimama mara kwa mara, na meli ambayo ingekaa siku moja na nusu ikakaa mpaka Alhamisi. Kalume alipofika chini ya ngazi yake, baharia aliyekuwa akilinda pale juu alilisoma jina lililoandikwa kwenye kizibao chake cha kung'aa.

"Kalume?" akasema kwa Kiswahili. "Wewe wa Kilifi?"

Kalume alisimama. Kwa miaka tisa hakuna aliyemwita kutoka melini kwa lugha ile.

"Miye wa Kalemie."

"Kalemie ndiyo wapi? Juu ya Malindi?"

"Kongo, mdogo wangu. Kule ku ziwa."

"Haiwezekani. Kwetu kila nyumba ya pili ina Kalume. Shangazi yangu peke yake anao watatu."

"Basi unisalimie wote."

Baharia yule aliitwa Mwaringa, kijana wa miaka thelathini na moja, barakoa imemlegea, macho mekundu. Mstari mwekundu ulikuwa umechorwa gatini kuonyesha mwisho wa mabaharia kushuka na mwisho wa makuli kusogea wasipopanda kazini, nao wakazungumza mstari huo ukiwa kati yao, huyu akijifanya anakagua vyuma na yule akijifanya anaandika kwenye daftari la ulinzi. Afisa wa meli alisimama hatua chache nyuma ya Mwaringa. Hakujua Kiswahili, lakini alijua kutazama.

Mkataba wa Mwaringa ulikuwa wa miezi tisa. Alikuwa ameshakaa kumi na sita bila kuikanyaga nchi kavu. Kila bandari nahodha alisema mipaka imefungwa, hakuna ndege, hakuna mabaharia wa kuwapokea. Walisaini kuongezewa muda mara mbili. Mara ya tatu walikataa, na karatasi ikapatikana imesainiwa.

"Mko wangapi?"

"Sita tunaotaka kushuka, sote tuliajiriwa Mombasa. Simu zetu anazikusanya siku moja kabla ya bandari. Anasema ni usalama."

"Na nyumbani?"

Mwaringa aliandika kitu kwenye daftari, au alijifanya. "Mama alifariki mwezi wa pili. Kaka zangu wamemzika, hilo sawa, maiti haisubiri. Lakini nguo zake hawajazigawa. Wamezifunga sandukuni. Wanasema kitinda mimba hayupo, hatuwezi kugawa. Sasa kila mtu pale nyumbani analipita lile sanduku. Dada yangu anasema limekuwa kama mgeni asiyeondoka."

Kalume alikaza chuma ambacho kilishakazwa. Mwaringa akamwonea huruma, akabadili mazungumzo. "Halafu ugali. Mpishi wetu anapika wali asubuhi, mchana na jioni. Nikifa leo, wakinipasua watakuta mchele mtupu."

Saa ya chakula Kalume alimpigia simu Voula, mkaguzi wa shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, ambalo chama cha Kalume ni mwanachama wake. Voula alikuwa binti wa baharia Mgiriki aliyeshuka Sydney mwaka 1968 na kuiacha meli iende zake. Zamani angepanda Meridola mwenyewe, akae na mabaharia mezani kwao. Sasa hata yeye alikatazwa kupanda.

"Neno lako naliamini," alimwambia Kalume, "lakini haliwezi kuzuia meli. Nahodha ana karatasi zenye saini zao. Mimi nahitaji karatasi nyingine, kwa mkono wao, inayosema wanataka kwenda nyumbani. Majina yote sita. Nikiipata kabla hajang'oa nanga, mamlaka ya usafiri wa baharini watapanda siku hiyohiyo."

Jioni Kalume alisimama kwenye ngazi za jengo lao na kumweleza Mama Ninahazwe, aliyekuwa nyuma ya mlango wa wavu, habari za kijana wa Kilifi na mchele wake. Hakumwomba kitu. Asubuhi ya Jumanne alikuta nje ya mlango wake sufuria ndogo ya aluminiamu, mfuniko umefungwa kwa kitambaa, ina moto bado. Ugali, na dagaa wa Tanganyika waliokaushwa, ambao mama yule aliwatunza kwenye friza kwa ajili ya Krismasi.

Sheria za bandari hazikuruhusu chakula kupita kienyeji hivyo. Kalume alilijua hilo. Lakini Kalemie meli haikupakuliwa kabla kuli na baharia hawajala sahani moja, na aliyeanza kazi bila kula na wenye meli alihesabiwa kuwa mwizi. Aliiweka sufuria juu ya sanduku la vyuma chini ya ngazi, akarudi nyuma ya mstari. Mwaringa alishuka akaichukua. Hapo hapo Kalume akamweleza, uso umeelekea kwingine, kwamba watu wa chama wanahitaji karatasi na majina sita.

"Iweke chini ya hili sanduku. Nitaipata kesho."

"Tutaona," akasema Mwaringa.

Jumatano, mwisho wa shifti, afisa alikuwa ameshuka mwenyewe mpaka chini ya ngazi, amesimama karibu kabisa na sanduku la vyuma, mikono nyuma. Mwaringa alishuka na sufuria. Afisa akafunua mfuniko, akachungulia, akacheka kidogo, akafunika. Mwaringa akaiweka sufuria juu ya sanduku.

"Mpe mama aliyepika," alimwambia Kalume. "Ndani mna asante yake. Ukifika tu, mpe."

"Nitampa."

"Ukifika tu."

"Nimesikia, mdogo wangu."

Afisa alipopanda, Kalume alilisogeza sanduku la vyuma. Chini yake mlikuwa na maji ya mvua na kipande cha waya. Alilisogeza tena upande wa pili. Karatasi haikuwepo.

Njia nzima ya kurudi Liverpool sufuria ilikaa kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda isianguke. Ilikuwa nyepesi, na kila kona kitu kilisogea ndani taratibu. Kalume hakuifungua. Hilo halikuhitaji hata kufikiriwa. Kwao, na kwa Mama Ninahazwe pia, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na kilichomo ni cha aliyepika. Mwanamume aliyetumwa kubeba sufuria hafunui mfuniko wake, kama asivyofungua mkoba wa mama mkwe. Mama yake Kalume alimchapa kwa kosa hilo akiwa na miaka sita, na alichokikuta ndani kilikuwa vitunguu viwili.

"Weka hapo kwenye kibaraza," alisema Mama Ninahazwe kutoka nyuma ya wavu. "Ikirezi amesema kila kitu siku tatu."

"Hata sufuria yako mwenyewe, Mama?"

"Hata miye nikitoka nje atanianika siku tatu."

"Kijana anasema mna asante yako ndani."

"Asante haiozi. Alikula?"

"Alikula."

"Aliacha?"

"Hakuacha hata mwiba."

Alicheka kwa furaha, akafunga mlango.

Alhamisi alfajiri Meridola iliondoka. Kalume alifika kazini akakuta gati tupu, maji yanachezacheza pale ilipokuwa. Voula alipiga simu saa mbili.

"Karatasi?"

"Sina."

"Hawakukupa chochote?"

"Hapana kitu. Nilitafuta mara mbili."

"Basi," akasema Voula, na katika neno hilo Kalume alisikia uchovu wa simu nyingi za namna hiyo, mwaka mzima na nusu wa meli zilizopita mbele ya dirisha lake zikiwa zimejaa watu.

Siku hiyo na iliyofuata Kalume alimkasirikia Mwaringa. Alimwita mwoga. Alimwambia Ange, aliyekuwa akivua viatu baada ya shifti yake, kwamba vijana wa siku hizi wanalia juu ya ngazi, na ukiwapa kalamu wanaogopa wino. Ange alimwambia aache kumtukana mtu asiyemjua. Lakini hasira ilikuwa na kazi yake. Ilimzuia asilifikirie lile sanduku la nguo huko Kilifi, na watu wanaolipita kila asubuhi. Yeye mwenyewe hakuwahi kugawa nguo za baba yake. Kambini Balthazar aliacha shati moja na suruali moja, na walimzika navyo.

Jumamosi, saa kumi jioni, simu ililia. Alikuwa Mama Ninahazwe.

"Baba Déborah, huyu baharia wako ni mtu wa ajabu. Ugali mmoja tu, ameniandikia barua ya kurasa mbili."

"Barua?"

"Juu kulikuwa na mkeka mdogo wa kamba, wa kuwekea vyungu vya moto, umefumwa vizuri, umekaa sawasawa na sufuria. Nimeunyanyua, chini yake karatasi ndani ya plastiki. Ya kizungu. Ila pale juu ameandika Kiswahili. Ngoja nivae miwani. 'Kwa mama aliyepika: mkeka ni wako, karatasi ni ya watu wa chama. Samahani kwa haraka.' Halafu majina sita na saini. Haraka gani hiyo?"

Kalume alishuka ngazi bila viatu. Déborah alimfuata akiuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu amekufa. Mama Ninahazwe alikuwa ameshaubandika ukurasa wa kwanza kwenye kioo cha dirisha, kwa kuwa kuingia kulikatazwa, naye Kalume akaupiga picha kutoka nje, kila picha ikitoka na ukungu, mpaka Déborah akamnyang'anya simu, akapiga yeye.

"Ingekuwa Jumatano," Kalume alisema kupitia kioo. "Meli ilikuwa bado iko. Nilikuwa nayo ku mkono, Mama. Ku gari. Niliifunga mkanda."

Mama Ninahazwe akavua miwani. "Ungeifungua?"

"Hapana."

"Ungeifungua ningekushangaa," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Na miye ningeifungua siku ileile kama si hizi siku tatu. Tumemuua huyu mtoto kwa adabu, miye na wewe."

Voula alisoma ile barua akiwa kwenye simu. Tarehe zote zilikuwepo, mwezi ambao kila mmoja alitakiwa kushuka, na kwamba saini za mara ya tatu hazikuwa zao.

"Sufuria ilikuwa mikononi mwako tangu Jumatano?"

"Ndiyo."

"Na hukufunua?"

"Haikuwa yangu."

"Mama yangu angekupenda sana," alisema Voula. "Mimi sasa hivi nataka kukunyonga."

Kalume alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, saruji baridi chini ya nyayo. Alilifikiria gati tupu. Kisha, bila yeye kuitafuta, ikamjia chaki. Siku zote alipoikumbuka aliona mkono wa baba yake ukichora na vidole vyake vitatu. Sasa aliona kile ambacho baba yake hakuwahi kukiona mpaka siku ile ya mkaa: gunia likishuka Kigoma, na mtu asiyemjua akilitazama. Balthazar alichora duara saa ya mwisho, mzigo ukishapakiwa, meli ikiwa tayari imeshawasha injini. Kuondoka kwa meli hakukuwahi kumnyima usingizi.

"Voula. Inakwenda wapi ile meli?"

"Tauranga. New Zealand. Inafika Jumatatu."

"Kule kuna makuli?"

Akamsikia akivuta kiti. "Kule kuna makuli," alisema Voula, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na kuna mkaguzi wetu, Wiremu. Jumamosi huwa anavua samaki. Atanichukia. Na hili la ugali sikulisikia, umenielewa? Wewe uliletewa mkeka."

Jumapili ile barua ilisafiri. Ilitoka Liverpool ikafika kwa Voula, ikavuka bahari mpaka kwa Wiremu, ikaenda Mombasa kwa Jerusha, katibu wa chama cha mabaharia cha huko. Jerusha aliacha ibada katikati, akaenda kutafuta nakala za mikataba ya watu sita, na mpaka jioni ya kwao alikuwa amezipata tano. Wale wawili wa mbali Kalume hakuwajua kwa sura. Alibaki na simu mezani kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Kila ilipolia Ange alisema, "Chukua basi, na usinitazame mimi."

Jumatatu, Kalume akiwa juu ya meli nyingine Botany, chuma begani, ujumbe wa Voula uliingia. Makuli wa Tauranga walikuwa wamesimama chini ya ngazi ya Meridola. Hawakupiga kelele wala kubeba mabango. Walisema tu kwamba mabaharia waliochoka hivyo ni hatari kwao na kwa kila anayefanya kazi chini ya winchi, na kwamba watasubiri. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mmoja wao alikuwa ameleta chai kwenye chupa. Alasiri mamlaka ya bandari walipanda wakiwa na ile barua ya mabaharia na mikataba ya Jerusha. Kufika Jumatano, watu sita walishuka, kila mmoja na begi lake, wakapelekwa hotelini kungoja ndege.

Mwaringa alipiga simu kutoka kwenye chumba hicho cha hoteli. Alisema amekaa sakafuni kwa sababu kitanda hakitikisiki na kinamtia kizunguzungu.

"Siku tatu nilikuita mwoga," Kalume alimwambia. Hakutaka kulibeba jambo hilo.

"Mimi nilikuita msaliti. Tena nilikuita hivyo mbele ya watu watano. Kila asubuhi tulikuwa tunatazama nyuma kama kuna boti inatufuata."

"Sufuria haikuwa yangu kufungua."

Mwaringa akaanza kucheka, kicheko kilichoanza kama kikohozi. "Wallahi, hata marehemu mama asingekubali uifungue. Nilidhani ni mke wako aliyepika. Nilisema mke atafungua papo hapo jikoni, atapiga kelele."

"Mke wangu alikuwa Seven Hills anafungasha dawa."

"Basi mpe pole."

Oktoba mji ulifunguliwa. Mama Ninahazwe alipanda ghorofa ya pili kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, akasimama mlangoni akihema, akasema nyumba ya Ange inanuka vizuri kuliko alivyoisikia kupitia dirishani. Alikuja na chungu cha maharage, akakiweka mezani juu ya mkeka wa kamba. Mkeka ule alikuwa ameutunza kabatini; tangu siku hiyo haukurudi humo.

Kifurushi kilifika mwishoni mwa Januari, kimeandikwa jina la Mama Ninahazwe, kwa anwani ya Kalume. Alikipeleka chini kama kilivyo. Safari hii alikuwa mjukuu wake wa heshima, Déborah, aliyesema kwa Kiingereza kwamba kama kuna mtu atasubiri siku tatu, yeye ataita polisi. Mama Ninahazwe alichukua mkasi akafungua polepole, akikunja karatasi ya nje kwa ajili ya kuitumia tena.

Ndani kulikuwa na leso moja ya kujifunga, si mpya. Rangi yake ilikuwa ya zambarau, imefuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi, na maandishi yake yamefifia yasisomeke. Barua ilikuwa fupi. Mwaringa aliandika kwamba sanduku limefunguliwa, kwamba walikaa kwenye mkeka wote saba, watoto wa mama mmoja, wakagawa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na dada yake ndiye aliyesema kuna mtu mmoja amesahauliwa. Hii ni sehemu yako, aliandika. Mama aliivaa akienda sokoni.

Mama Ninahazwe aliinusa kwanza. Kisha akajifunga kiunoni, juu ya gauni lake, akaenda jikoni kutazama chai, akarudi. Hakulia. Alikaa karibu na Kalume kwenye sofa la plastiki, akainyoosha leso magotini kwa kiganja.

"Sasa miye nimrudishie nini?" akauliza.

Kalume alifikiria. Nje treni ya kwenda mjini ilipita, vyombo kabatini vikagongana kidogo. Alijua meli tatu zinazopita Botany kila mwezi na kuelekea magharibi, upande wa Afrika, na alijua nani anafanya shifti za Jumanne. Akamwambia dagaa wangefaa.

"Dagaa wa Tanganyika kwa mtu wa Kilifi? Wao si wana bahari?"

"Hakuacha hata mwiba, Mama."

Mama Ninahazwe akanyanyuka, leso ikiwa bado kiunoni, akaenda kufungua friza.